Podikasti na ujifunzaji shirikishi mtandaoni katika mafunzo ya uuguzi na ukunga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara mkoani Kigoma

Maswali yafuatayo huulizwa na wakufunzi, wasimamizi wa wodi na wanachuo wa uuguzi na ukunga. Majibu yameandikwa kwa kuzingatia hali halisi ya mkoa, ambapo mwanachuo anaweza kuwa Hospitali ya Rufaa ya Maweni mwezi huu, na mwezi unaofuata akawa katika zahanati ya mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, ambako usafiri ni boti na mtandao hushika mahali pamoja tu pa kijiji.

Podikasti ni nini hasa, na inatofautianaje na ujumbe wa sauti ninaotumiwa kwenye WhatsApp?

Podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti vilivyorekodiwa, ambao msikilizaji hujiandikisha mara moja, kisha kila kipindi kipya huingia kwenye simu yake na kubaki humo, akakisikiliza wakati wowote apendao hata kama hana bando. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2004. Kwa maana kali, sauti iliyotumwa kwenye WhatsApp si podikasti, lakini kwa matumizi ya darasani hakuna haja ya kugombania jina. Kinachotakiwa ni kwamba kipindi kiwe na mada moja, kiwe na mpangilio, kiweze kuhifadhiwa na kiweze kurudiwa. Ujumbe wa mkufunzi anayetangaza kubadilika kwa ratiba, huku pikipiki zikipita nyuma yake, haumo katika hesabu hiyo.

Ujifunzaji shirikishi mtandaoni ni kitu gani? Je, kundi la WhatsApp la darasa zima halitoshi?

Halitoshi. Kundi la darasa zima ni ubao wa matangazo: watu wanne huzungumza, wengine husoma kimyakimya, na anayeuliza swali la maana hufunikwa na salamu za asubuhi. Ujifunzaji shirikishi huhitaji watu wachache, wanne hadi sita, waliopewa kazi ambayo hakuna mmoja anayeweza kuimaliza ipasavyo peke yake, na ambayo mwisho wake ni uamuzi mmoja wa kundi.

Njia mojawapo iliyo rahisi kuiga ni ile iliyobuniwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas, ambapo kila mwanafunzi hupewa kipande tofauti cha somo na hulazimika kuwafundisha wenzake kipande chake. Kwa wauguzi, mada inaweza kuwa mtoto mwenye homa anayepumua kwa haraka. Mmoja wa kundi husikiliza kipindi kuhusu malaria kali, wa pili nimonia, wa tatu upungufu wa maji mwilini, wa nne maandalizi ya rufaa, na wa tano namna ya kuzungumza na mama wa mtoto. Hakuna aliyesikia vyote, kwa hiyo hawana budi kusikilizana.

Kwa nini mambo haya mawili yaunganishwe? Si kila moja lina faida yake?

Podikasti iliyosikilizwa peke yake ni mhadhara uliofupishwa. Hatari yake ni kwamba sauti iliyotulia, yenye maelezo mazuri, humpa msikilizaji hisia ya kuelewa, na hisia hiyo hupotea siku anapotakiwa kueleza jambo lile lile mbele ya mgonjwa. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo hili kwa wanafunzi waliosoma matini: waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walioongoza ni wale ambao, badala ya kurudia, walikuwa wamejaribu kukumbuka bila kutazama. Kundi dogo ni mahali pa kufanya jaribio hilo la kukumbuka, tena mbele ya wenzako ambao watakupinga ukikosea.

Kwa upande mwingine, mjadala usiotanguliwa na maandalizi hugeuka kuwa ubashiri wa pamoja. Sauti huwapa wote msingi mmoja wa kuanzia. Kwa hiyo swali la kwanza la mkufunzi anayepanga kurekodi lisiwe kipindi kitazungumzia nini, bali wanachuo watatakiwa kuamua nini wakishakisikiliza. Mkufunzi asiye na jibu la swali hilo asiwashe kinasa sauti bado.

Naomba mfano wa somo moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, mada ambayo kila mkunga hukutana nayo. Kipindi cha kwanza, cha dakika 12, hueleza kwa nini kukadiria damu kwa macho hupotosha, na hutaja utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Katika utafiti huo, mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo ulitandikwa chini ya mama ili damu ipimwe, na mara tatizo lilipogunduliwa, hatua zote zilichukuliwa kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), maji ya mshipa, na uchunguzi wa chanzo pamoja na kuomba msaada. Matokeo mabaya, yaani kutokwa damu kupita kiasi, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu au kifo kinachotokana nayo, yalipungua kwa asilimia 60.

Kipindi cha pili ni kifupi, dakika nne tu, na ni kisa cha kubuni. Msimulizi husoma polepole: «Ni saa nane usiku, katika zahanati ya mwambao. Mama wa miaka 27, uzao wa nne, amejifungua dakika 20 zilizopita. Kondo la nyuma limetoka, na ukilitazama linaonekana kamili. Kanga ya pili imelowa. Mapigo ya moyo ni 118 kwa dakika, shinikizo la damu ni 95 kwa 60. Mfuko wa uzazi ni laini. Mko wawili zamu, na nahodha wa boti analala nyumbani kwake. Simamisha kipindi hapa.»

Kila mwanachuo huandika peke yake, kabla ya kusoma majibu ya wenzake, mambo matatu atakayoyafanya katika dakika tano za mwanzo na ni nani kati ya wale wawili atakayefanya lipi. Majibu huwekwa kwenye hati ya pamoja au hutumwa kwenye kundi dogo kwa wakati uliopangwa. Ndipo kazi yenyewe huanza, kwa sababu majibu hayawezi kulingana: mmoja atataka nahodha apigiwe simu kwanza, mwingine atasema mikono yote minne ibaki kwa mama. Kundi hupewa saa 48 kukubaliana juu ya mpangilio mmoja na kuandika sababu yake, pamoja na hoja iliyokataliwa. Hoja iliyokataliwa ni muhimu kuliko wanachuo wengi wanavyodhani, maana humwonyesha mkufunzi kama kundi lilifikiri au lilimfuata mwenye sauti kubwa.

Kipindi cha tatu hurekodiwa baada ya mkufunzi kusoma majibu yote. Humo hueleza makundi yalipokubaliana, yalipotofautiana na palipokosewa. Kwa mfano, kundi likichelewesha asidi ya traneksamiki hadi mama afike hospitali, mkufunzi atakumbusha kwamba dawa hiyo hutolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, kwamba kila dakika inayopita hupunguza faida yake, na kwamba safari ya boti haihesabiki kama muda uliosimama. Kipindi hiki cha mwisho ndicho ambacho wakufunzi wengi hukiruka kwa kukosa muda. Kama lazima kitu kimoja kiachwe, ni afadhali kuacha cha kwanza na kuwapa wanachuo kurasa mbili za kusoma.

Mada zipi zinafaa kwa sauti, na zipi hazifai?

Zinafaa zaidi zile ambazo kiini chake ni mazungumzo, uamuzi au sauti yenyewe: kumpa mgonjwa habari mbaya, kumshauri mama anayekataa uzazi wa mpango kwa kumwogopa mumewe, kukabidhi zamu, au kutambua mluzi wa pumu na mikwaruzo ya nimonia. Kwa sauti za mapafu na moyo, msikilizaji atumie spika za masikioni, kwa kuwa mapigo ya moyo ni sauti nzito za chini ambazo spika ndogo ya simu haiwezi kuzitoa sawasawa, na anayezisikiliza kwa spika ya simu huishia kujifunza kitu ambacho stetoskopu haitamletea.

Zoezi moja la sauti lenye faida kubwa ni kuhesabu pumzi. Kipindi hucheza sauti ya kupumua kwa sekunde 60 kamili, bila maneno yoyote, na kila mmoja huandika idadi aliyoipata. Dakika hiyo huwa ndefu ajabu kwa asiyezoea, na ndiyo sababu wodini watu huhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Makundi yanapolinganisha idadi zao huona wenyewe jinsi tofauti ya pumzi chache inavyombadilishia mtoto tiba: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka, na kuanzia mwaka mmoja hadi mitano kiwango ni 40.

Hesabu za dawa na dripu zinahitaji tahadhari. Lita moja ya maji kwa saa nane, kwa seti inayotoa matone 20 kwa mililita, ni karibu matone 42 kwa dakika, lakini ni wachache wanaoweza kuifuata hesabu hiyo kwa masikio huku wakisonga ugali. Taja namba mara mbili, mwambie msikilizaji achukue kalamu, na weka hesabu yenyewe kwa maandishi. Kuchoma sindano, kuweka mpira wa mkojo, kusafisha kidonda na kujaza patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, havifundishwi kwa sauti. Sauti inaweza kukumbusha mpangilio wa hatua usiku wa kuamkia mazoezi, basi.

Wanachuo walio mbali na mjini hawana bando wala mtandao wa kuaminika. Je, mpango huu hautawaacha nyuma?

Utawaacha, kama umepangwa kwa ajili ya mwenye simu janja mpya aliyepo Mwanga au Kibirizi, mjini Kigoma. Panga kwa ajili ya aliye mbali kuliko wote, na wa mjini atafaidika pia. Kipindi cha dakika 15 kikihifadhiwa kama MP3 ya mono kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takribani megabaiti 7. Kwa kilobiti 32 huchukua nusu ya hapo, na maneno bado husikika vizuri. Video ya muda huo huo huweza kula mara kumi na zaidi. Vipindi vya mhula mzima huenea kwenye memori kadi moja ndogo, ambayo mwanachuo anaweza kukabidhiwa kabla ya kuondoka kwenda kituoni, na memori kadi husikilizika hata kwenye simu ya kitochi au redio yenye sehemu ya kuichomeka.

Sehemu ya mjadala nayo iwe nyepesi. Maandishi mafupi hupita hata mtandao unaposuasua, ilhali mkutano wa Zoom wa saa nzima ni anasa. Asiyepata intaneti kabisa atume jibu lake kwa meseji ya kawaida kwa mwenzake wa kundi, ambaye atalinakili kama lilivyo.

Wengine wako zamu ya usiku, wengine mchana. Tutakutana saa ngapi?

Msikutane. Mjadala wa kuachiana ujumbe, wenye siku ya kufungua na siku ya kufunga, humfaa aliyetoka zamu na kulala hadi saa nane mchana sawa na aliyeingia asubuhi. Wekeni tu sharti kwamba jibu la kwanza la kila mmoja liingie ndani ya saa 24 za mwanzo, vinginevyo wote watasubiriana hadi saa moja kabla ya kufunga.

Tufanyeje na mwanachuo anayejificha nyuma ya kazi ya wenzake?

Jibu la peke yake linalotangulia mjadala ndilo dawa ya kwanza, kwa kuwa linabaki na jina na saa. La pili ni zamu za majukumu: wiki hii mmoja huratibu, mwingine huandika uamuzi, mwingine hupewa kazi rasmi ya kupinga, na wiki ijayo wanabadilishana. La tatu ni kwamba mkufunzi amwite mwanachuo yeyote wa kundi, bila kumchagua mapema, aeleze kwa mdomo sababu ya uamuzi wao. Alama zigawanywe kati ya jibu la mtu mmoja na kazi ya kundi. Alama zote zikiwa za kundi, wenye bidii watachoka kabla mhula haujafika katikati, na watakuwa na haki.

Hata hivyo, si kila aliye kimya ni mvivu. Kabla ya kumwandika mtu kuwa hashiriki, muulizeni kama ana chaji.

Je, tunaweza kutumia visa vya wagonjwa halisi?

Msirekodi sauti ya mgonjwa, picha yake wala kadi yake ya kliniki kwa simu binafsi. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya maadili ya taaluma, na zaidi ya hapo Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazichukulia taarifa za afya kuwa nyeti.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kudhani kwamba kuondoa jina kunatosha. Katika mkoa ambao watu wanajuana, «mama wa uzao wa saba aliyeletwa kwa boti Jumapili usiku kutoka kijiji fulani» amekwisha tajwa, na atatambuliwa na shemeji yake kabla kipindi hakijaisha. Badilisheni umri, mahali, siku na mpangilio wa matukio, au bora zaidi, tungeni kisa kipya kinachobeba fundisho lile lile. Ile sauti ya pumzi kwa ajili ya zoezi itoke kwenye mkusanyiko wa sauti za kufundishia uliotolewa kwa matumizi huria, au aigize mtu mzima. Makundi yafungwe kwa wanachuo waliosajiliwa, na uongozi wa chuo unaotaka kuweka vipindi hadharani uwasiliane kwanza na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020.

Vipindi viwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Mtihani ni wa Kiingereza, mgonjwa ni wa Kiswahili, na bibi aliyetoka Buhigwe au Kasulu vijijini anaweza kuwa wa Kiha tu. Pendekezo letu ni kwamba maelezo yawe kwa Kiswahili, majina ya dawa, magonjwa na vipimo yatajwe kama yanavyoandikwa kwenye mtihani, na igizo la mazungumzo na mgonjwa liwe kwa lugha ambayo mgonjwa huyo angeitumia. Wanachuo wanaojua Kiha ni hazina hapa, na mara nyingi hawaulizwi.

Kuna podikasti nyingi za uuguzi kutoka Marekani na Uingereza. Kwa nini tusitumie hizo?

Zitumieni kwa fiziolojia na kwa kuzoeza sikio Kiingereza cha taaluma, kwa kuwa moyo ni ule ule. Kwa tiba, muwe waangalifu. Dawa za mstari wa kwanza, vifaa na mamlaka ya muuguzi hutofautiana, na kauli ya kwamba «mwite daktari wa zamu afike mara moja» haina kazi mahali ambapo wewe ndiye wa zamu. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu ndio wenye neno la mwisho. Tazameni pia tarehe: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza asidi ya traneksamiki itolewe mapema, ndani ya saa tatu, mwaka 2017, kwa hiyo kipindi cha kabla ya hapo kinaweza kuwa kimepitwa. Kazi nzuri ya kundi ni kusikiliza kipindi cha nje na kutafuta mambo matatu yasiyolingana na mwongozo wetu.

Je, saa za kusikiliza zinahesabika kama saa za mazoezi ya vitendo?

Hapana. Saa za wodini hutimizwa wodini, chini ya msimamizi anayetia sahihi. Kwa muuguzi aliye kazini anayetaka mafunzo endelevu kwa ajili ya kuhuisha leseni, kinachohesabika ni kile kinachotambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na mwandaaji wa mafunzo ndiye anayepaswa kuomba utambuzi huo kabla ya kuanza.

Vifaa gani vinahitajika kurekodi?

Simu ya kawaida, chumba kidogo chenye magodoro na nguo zinazomeza mwangwi, na programu ya bure ya kuhariri kama Audacity. Simu iwekwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni. Masika, rekodini alfajiri au kati ya mvua na mvua, kwa sababu hakuna programu itakayoondoa kelele za mvua juu ya bati. Andikeni matini ya kipindi kabla ya kurekodi, kisha muibandike kwenye ubao wa darasa kwa ajili ya asiyesikia vizuri na kwa aliyekosa kipindi.

Je, wanachuo wenyewe waruhusiwe kutengeneza vipindi?

Waruhusiwe, na waanze na vifupi. Zoezi tunalolipendekeza ni taarifa ya rufaa kwa sauti, isiyozidi sekunde 60, kwa mpangilio wa SBAR (Situation, Background, Assessment, Recommendation), uliotokana na jeshi la majini la Marekani na kuingia hospitalini baadaye: hali ya sasa, historia fupi, tathmini yangu, na ninachoomba. Kila mwanachuo hurekodi taarifa ya mgonjwa wa kubuni kana kwamba anampigia simu daktari wa hospitali ya wilaya. Mwenzake wa kundi husikiliza mara moja tu, bila kurudia, kisha huandika alichokielewa: mgonjwa ni nani, ana nini, nimeombwa nifanye nini. Mara nyingi kinachokosekana ni sehemu ya nne. Mwanachuo hueleza kila kitu kwa heshima na utaratibu, halafu hukata simu bila kuomba chochote. Anaporudia kurekodi, aanze na ombi: «Daktari, naomba gari la wagonjwa na uniti mbili za damu, na naomba nikueleze sababu.»